Shahidi Aliyeuzwa Kando: Historia ya From Ashes na Hukumu Yetu

Mara nyingi zamu ya historia ikifika tunaongea vita, mipaka, wafalme na mikataba. Leo tunaongea gemu. Kabla mtu hajaanza kucheka, tunamwomba asome kwanza hadi aya ya tatu, akishindwa hapo aende zake kwa amani. Gemu nazo ziko na historia: ziko na miaka yake, bei yake, na watu waliokosana juu yake. Na hii moja inagusa jambo ambalo sisi hapa kambini pengine tunalijua kushinda hata waliolitunga: mtu wa mwisho wa kabila lake akifika mlangoni, nani anamsikiliza, na kwa bei gani?

Gemu yenyewe ni Mass Effect 3. Nyongeza tunayoihukumu inaitwa From Ashes, yaani kutoka kwenye majivu. Gemu na nyongeza vilitoka Marekani siku moja, tarehe 6 Machi 2012. Gemu ilikuwa dola 60. Nyongeza ilikuwa dola 10 juu yake, unaipakua kwa intaneti.

Kwa wale ambao hawajawahi kucheza, tueleze kidogo. Mass Effect ni hadithi ya safari za anga iliyotengenezwa na BioWare, kampuni ya Edmonton huko Kanada. Ilianzishwa 1995, na waanzilishi wake walikuwa madaktari wa watu, madaktari kabisa wa kutibu wagonjwa (ndiyo, nasi tulishangaa). Hadithi iko katika gemu tatu: ya 2007, ya 2010 na ya 2012. Wewe unakuwa kamanda Shepard, mwanaume au mwanamke vile unavyopenda, na maamuzi yako ya gemu ya kwanza yanakufuata mpaka ya tatu. Ukimwacha mtu afe 2007, hayupo 2012. Adui ni Reaper, mashine kubwa kuliko majengo, ambazo kila baada ya miaka 50,000 zinarudi kutoka kwenye giza la nje na kuvuna kila jamii iliyoendelea. Wanakata, wanaondoka, dunia zinabaki kimya, kisha jamii mpya zinaota kama majani baada ya moto.

Jamii iliyovunwa mara ya mwisho inaitwa Waprothean. Katika gemu ya kwanza hao ni magofu tu. Wameacha mitambo, minara, na onyo ambalo hakuna anayeweza kulielewa vizuri. Yuko mtafiti mmoja, Liara, wa jamii ya Waasari wanaoishi miaka elfu, ambaye amewachunguza Waprothean kwa karibu miaka 50. Anawapenda. Kwake wao walikuwa wenye hekima na amani, wasomi wa nyota. Hivyo kwa gemu nzima mbili swali linakutembelea kichwani: hawa watu walikuwa akina nani?

Halafu katika ya tatu anatokea mmoja aliye hai. Jina lake Javik. Lakini kumwona ulilipa dola 10.

Hapo ndipo ugomvi ulianza. Kuuelewa inabidi turudi nyuma, juu nyongeza hazikuanza hivyo.

Zamani nyongeza ilikuwa kitu cha kushika. BioWare hao hao walitoa Baldur's Gate, na mwaka 1999 wakatoa nyongeza yake, Tales of the Sword Coast, ndani ya boksi na CD yake. CD unaweza kumwazima rafiki. Unaweza kuiuza ukishaimaliza. Mtoto wa jirani anaweza kuirithi. Kisha intaneti ikaingia kwenye konsoli na mambo yakabadilika. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda iliuza vazi la chuma la farasi katika gemu ya Oblivion kwa dola 2 na nusu, na watu walicheka sana: vazi la farasi! Waliocheka hawakujua kwamba mlango umefunguliwa. Mwaka 2009, katika Dragon Age: Origins ya BioWare, kulikuwa na mtu amekaa kwenye kambi yako ya safari. Unaongea naye, anakueleza shida za ukoo wake kwa huzuni, anakuomba msaada, nawe unataka kumsaidia. Ndipo gemu inakuambia ununue. Yaani mhusika mwenyewe ndiye mchuuzi! Watu wengi walichukia ile zaidi ya vazi la farasi, na tunawaelewa. Mtu akikulilia shida zake kisha akafungua kikapu cha bidhaa, hata shida zake unaanza kuzitilia shaka.

Hatua iliyofuata ndiyo inayotuhusu sana sisi. Mass Effect 2 ya mwaka 2010 ilikuja na karatasi ndogo ndani ya boksi, na juu yake namba za siri. Ukiziingiza unaunganishwa na kitu kilichoitwa Cerberus Network, unapewa mhusika anayeitwa Zaeed na vitu vingine bila kulipa. Namba zilifanya kazi mara moja tu. Aliyenunua diski ile kwa mtu mwingine alikuta namba zimeshatumika, na kama alitaka vile vitu, alilipa dola 15. Adhabu hiyo ilimlenga nani? Mtu wa mtumba. Sisi sote tunaishi kwa mtumba, viatu, simu, vitabu, hata mpira tunaochezea. Mtumba maana yake ni kwamba kitu kilichopita mikononi mwa mwingine bado ni kizima. Kampuni zikaanza kutengeneza gemu ambayo ikipita mkono wa pili inapungua. EA, wenye BioWare, waliacha mpango wa namba hizo mwaka 2013, lakini From Ashes ilizaliwa katikati ya ile miaka.

Sasa turudi 2012. Wiki chache kabla gemu haijatoka, habari ilijulikana kwamba toleo la gharama kubwa, la dola 80, litakuwa na mhusika wa ziada, na kwamba mhusika huyo ni Mprothean. Wapenzi wa gemu waliwaka moto. Hoja yao ilikuwa rahisi: mngeuza askari mwingine yeyote, tungenyamaza. Mngeuza bunduki, nguo, sayari ndogo ya kando. Lakini Mprothean? Huyu ndiye tuliyekuwa tunamtafuta tangu 2007!

BioWare walijibu. Tunataka kuwatendea haki, kwa hiyo tunaweka jibu lao lote bila kulikata miguu. Walisema kuwa gemu ikishakamilika haiendi dukani siku hiyo hiyo. Kuna miezi ya kutafuta makosa, kupata kibali cha wenye konsoli, kuchapa diski, kusafirisha. Katika miezi hiyo waandishi na wachoraji hawana kazi kwenye gemu yenyewe, basi wanatengeneza nyongeza, na nyongeza ya kupakua inapata kibali haraka zaidi. Kwa hiyo, walisema, hatujakata kitu kwenye gemu yenu, tumeongeza.

Jibu hilo lina akili. Mmoja wetu ni fundi seremala, na alisema hivi: mbao zilizobaki baada ya kumaliza kitanda cha mteja ni zangu, nikitengeneza kiti nitakiuza, na mteja asiseme nimemwibia kiti. Tulikubali. Lakini siku chache baada ya gemu kutoka, watu waliocheza kwenye komputa waligundua jambo. Walibadilisha mstari mmoja mmoja katika faili la mipangilio, na Javik akatokea kwenye kikosi bila wao kulipa chochote. Misheni ya kumtafuta haikuwepo, hiyo kweli ilikuwa ya kupakua. Ila mwili wake na sauti yake katika mapambano vilikuwemo kwenye diski ambayo kila mtu alinunua. BioWare wakaeleza tena: ili mhusika aingie vizuri katika hadithi nzima, msingi wake lazima uwekwe mapema ndani ya diski.

Seremala wetu aliposikia hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema: kumbe kiti kilikuwa kimepigiliwa misumari kwenye kitanda changu.

Na angalieni jinsi hadithi yenyewe inavyochekesha kwa uchungu. Ndani ya gemu, Javik amelala miaka 50,000 ndani ya sanduku la kugandishia, chini ya udongo wa sayari inayoitwa Eden Prime. Watu wamelima juu yake, wamejenga nyumba juu yake, hawajui. Na kwenye diski ni vivyo hivyo: amelala pale, ametiwa kufuli, mwenye nyumba hajui ana mgeni.

Kelele za Javik hazikudumu, juu baada ya wiki moja mbili watu walimaliza gemu, wakakutana na mwisho wake, na hasira zote zikahamia kule. Hiyo ni historia nyingine ndefu. Tuseme tu kwamba wapenzi wa gemu walichangisha zaidi ya dola 80,000 kwa ajili ya watoto wagonjwa hospitalini kama namna ya kulalamika, na wengine walipeleka keki ndogo mia nne na zaidi ofisini kwa BioWare, za rangi tatu lakini ladha moja, kusema kwamba miisho mitatu ya gemu ni mwisho mmoja uliopakwa rangi. Hatujawahi kuona malalamiko matamu hivyo. BioWare walitoa mwisho uliopanuliwa bure mwezi wa sita mwaka huo huo. Javik akabaki dola 10.

Basi, nyongeza yenyewe ikoje? Bei tuiweke pembeni kwanza.

Misheni ya Eden Prime ni ya kawaida, na tusiipambe. Ni kama saa moja. Unashuka, unakuta wanajeshi wa Cerberus wamekalia kijiji, unapigana kwenye njia nyembamba kati ya nyumba za chuma, unatafuta kumbukumbu mbili za kukufundisha kufungua sanduku, unapigana tena. Kama wewe ni mtu wa kupima gemu kwa risasi, utasema hela imepotea. Kitu kimoja tu pale ni kizuri sana. Kumbukumbu zile ukiziangalia unaona siku ya mwisho ya Waprothean pale chini: mpango ulikuwa kuwaficha watu wao usingizini mpaka Reaper waondoke, kisha waamke na kujenga upya. Adui akavunja mlango. Ikabidi wafunge sehemu moja baada ya nyingine, na kila sehemu iliyofungwa ina watu ndani. Mashine inayotunza mahali pale inamwambia Javik kwamba yeye ndiye atakayekuwa sauti ya watu wake. Baadhi yetu tulisimamisha gemu pale, tukatoka nje kidogo.

Nyongeza hii ni mtu, misheni ni mlango wake tu. Javik anaongea kwa sauti ya Ike Amadi, na lafudhi yake inasikika ya Afrika Magharibi. Hilo tu lilitufanya tukae sawa, kwa sababu katika gemu za anga viumbe wenye hekima ya kale wengi huongea kama walisoma Uingereza. Javik anaongea kama mjomba aliyefika kutoka mbali na hajapenda chakula. Akigusa kitu anajua kilichotokea hapo na nani alipita, ndiyo elimu ya watu wake, kumbukumbu inapita kwa mkono. Akiwatazama viumbe waliopo sasa anawakumbuka walipokuwa bado wanyama wa porini, na anawaambia bila aibu.

Mnakumbuka Liara, mtafiti wa miaka 50? Anafika mbele yake kwa furaha, na maswali yake yote mkononi. Na Javik anamjibu kwamba hapana, hatukuwa wasomi wa amani. Tulikuwa dola. Tuliwatawala wengine wote, waliokubali na waliokataa, na wote tukawaita Waprothean, wapende wasipende. Liara anabaki amesimama.

Hapa tulibishana usiku mzima, na ndiyo sababu tumeandika haya yote. Mtu wa nje akija kusikiliza aliyenusurika, mara nyingi ameshachora picha yake nyumbani. Anataka mtu mpole, aliyeonewa tu, asiye na lawama, anayeshukuru. Tumewaona wageni wa namna hiyo na karatasi zao za maswali, na si watu wabaya. Lakini aliyenusurika ana historia nzima, pamoja na ile ambayo haimpendezi msikilizaji. Babu wa mtu anaweza kuwa alifukuzwa, na babu wa babu yake ndiye aliyefukuza. Javik amepoteza kila kitu, kweli, hakuna aliyepoteza zaidi yake. Na bado ni mtu wa jeuri, mwenye dharau, mtoto wa watawala. Gemu haimwombi awe mwema ndipo tumhurumie. Katika hadithi nyingi za anga tulizoziona hatukukuta mnusurika aliyeandikwa kwa ukweli hivi, na tunasema BioWare walifanya kazi ya heshima.

Kuna kitu kingine. Javik ana kifaa kidogo kinachobeba kumbukumbu za watu wake. Akikigusa ataona kila kitu. Hajakigusa, anaogopa. Anakuuliza wewe, Shepard, afanye nini. Ukimwambia akiguse, anakumbuka kwa uwazi kwamba wenzake wa chombo kimoja walitekwa akili na adui, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaua. Baadaye anakuambia kuwa vita vikiisha atakwenda kwenye makaburi yao na kulala nao. Ukimwambia akiache, anabaki na nafasi ya kuwaza maisha ya mbele. Liara naye ana wazo la kuandika kitabu pamoja naye.

Kikundi chetu kiligawanyika katikati. Upande mmoja ulisema aguse, kwa sababu asipokumbuka yeye hakuna mwingine duniani wa kukumbuka, wale wafu watakufa mara ya pili. Upande wa pili ulisema aache, amebeba ya kutosha. Dada mmoja ambaye kwa kawaida haongei kwenye mikutano alisema tu kwamba yeye angependa kuulizwa. Hatukupiga kura baada ya hapo.

Kwa haki, tuseme kwamba Mass Effect 3 bila nyongeza yoyote ina jambo letu ndani yake. Citadel ni mji mkubwa unaoelea angani, makao ya serikali ya galaksi. Juu kuna bustani, mabwawa, watu wanakunywa kahawa na kulalamika kwamba vita vimepandisha bei. Chini, kwenye gati la mizigo, kuna wakimbizi. Wamelala kati ya makontena. Kuna ukuta umejaa picha za waliokufa na waliopotea. Kuna msichana anayemwambia askari wa mpakani, Mturian, kwamba anawasubiri wazazi wake, watafika na chombo kinachofuata. Ukipita tena baada ya misheni fulani, bado yupo, bado anasubiri chombo kinachofuata, na askari amebadilika namna ya kuongea naye. Hupewi pointi yoyote kwa kuwasikiliza. Unaweza kupita ukikimbia. Watengenezaji waliliona gati lile vizuri sana: wakaweka serikali juu na wakimbizi kwenye ghala, na lifti katikati. Na hilo lilikuwa ndani ya dola 60, kwa kila mtu.

Ndiyo maana tukajiuliza: mbona msichana wa gatini yumo ndani na Javik yuko nje?

Tulitaka kujua gemu ikoje bila yeye. Kikundi chetu kina Xbox 360 moja ya mtumba, na diski ya Mass Effect 3 isiyo na nyongeza hata moja. Mwenzetu anayesoma mjini alikuja likizo na laptop yenye Legendary Edition, lile toleo la pamoja lililotoka tarehe 14 Mei 2021, ambalo ndani yake Javik yumo tayari. Betri ya sola ikatosha saa chache kila jioni, zamu laptop, zamu konsoli. Tukalinganisha sehemu moja hasa: Thessia, sayari ya Waasari.

Katika hadithi, Thessia inaanguka. Uko ndani ya hekalu la mungu wao Athame, na ndani ya sanamu kumefichwa mtambo wa Waprothean. Maana yake ni kwamba Waasari, waliojivuna kuwa wa kwanza kufika na kujifunza kwa akili yao, walifundishwa na wageni na kulificha hilo. Ukiwa bila Javik, Liara anaangalia vitu vya kale mmoja mmoja na kukisia. Inatosha kuelewa, hakuna shimo kwenye hadithi, hatuwezi kudanganya. Ukiwa na Javik, mtu aliyekuwepo anasimama katikati ya hekalu na kusema ndiyo, sisi ndio tuliowalea. Liara anaingia kwenye mabishano naye huku mji wake unawaka nje. Tulicheza zote mbili. Ya kwanza ni habari. Ya pili ni ushahidi. Tofauti ni kama kusoma kwenye kibao cha makumbusho kwamba palikuwa na kijiji, na kukaa na mama aliyezaliwa pale.

Nyongeza nyingine za mfululizo huu hazina shida hiyo. Lair of the Shadow Broker ya Septemba 2010 ilikuja miezi zaidi ya saba baada ya Mass Effect 2, imeanza na kuisha yenyewe, na wengi wetu tunaiweka ya kwanza kwa mapambano. Citadel ya Machi 2013 ni sherehe ya kuagana, vichekesho vitupu, na inatakiwa icheleweshwe kama keki ya harusi. Arrival ya 2011 tunaiona dhaifu, na tena iko na hatia ndogo ya aina moja na From Ashes: ndani yake Shepard analipua mfumo mzima wa sayari na watu kama 300,000 wanakufa, jambo zito kabisa, na asiyenunua anasikia baadaye kwamba askari wengine walifanya. Lakini kule ulikosa tukio. Hapa ulikosa mtu anayetembea nawe kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo hukumu yetu ni mbili, na hatutaki moja imeze nyingine. Kama kazi ya kuandika, Javik ni kati ya wahusika bora wa gemu zote tatu, na asiye naye amepungukiwa. Kama biashara, sifa hiyo hiyo ndiyo shtaka. Nyongeza tunaipima kwa kumtazama asiyekuwa nayo amebaki na nini. Hoja ya seremala ya mbao zilizobaki inafaa kwa Citadel, inafaa kwa Lair. Kwa From Ashes haifai, kwa sababu gemu tatu zilikuwa zinauliza swali moja na mwenye jibu alikuwa tayari kwenye diski. Wanaosema dola 10 ni hela ndogo, tunawaomba wakumbuke kwamba ni hela ndogo mahali fulani.

Baadhi mtasema sasa shida imekwisha, toleo la 2021 limeweka kila kitu pamoja. Karibu kila kitu. Nyongeza moja ya gemu ya kwanza, Pinnacle Station ya 2009, haimo. Walipoitafuta ili waitengeneze upya walikuta faili zake za asili zimeharibika, na wakaiacha. Si hasara kubwa, ilikuwa uwanja wa mazoezi ya risasi tu, lakini kwa watu wa historia inaogopesha kidogo: kampuni kubwa yenye hela na kompyuta zote zile ilishindwa kutunza kazi yake yenyewe kwa miaka 12. Na sisi wa diski za mtumba shida yetu imezidi. Tarehe 29 Julai 2024 Microsoft walifunga duka la Xbox 360. Aliyekuwa amenunua zamani anaweza kupakua tena. Ambaye hakununua, hata akileta zile dola 10 mkononi, duka la konsoli ile limeshafungwa. Kwenye diski yetu Javik atabaki amelala.

Mwenzetu anarudi shuleni Jumatatu na laptop yake. Wale ambao bado hawajafika Eden Prime waje Jumamosi mapema, kabla betri haijaisha, na waliomshauri Javik aguse kile kifaa wasiwaambie wengine kinachofuata.